Butoyi, Butoji, Boutoyi: Ni Mtu Mmoja au Watu Watatu?

Mama mpendwa, hebu fungua ule mfuko wa nailoni unaoutunza sandukuni, wenye vyeti vya nyumba yako. Toa kadi ya ubatizo ya mume wako, cheti chenu cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, karatasi ya shamba na kitambulisho cha Taifa. Vipange mezani, kisha usome jina la baba wa watoto wako katika kila kimoja, herufi kwa herufi. Kwetu huku Kidahwe, na kote kuanzia Ujiji hadi Kasulu, si ajabu ukakuta jina moja limeandikwa kwa namna tatu au nne.

Wengi wetu tunapoona hivyo husema, "Aa, karani alikosea," halafu tunarudisha vyeti mfukoni. Mambo yanakuwa mazito siku ile tunapovihitaji. Mtoto anatakiwa cheti cha kuzaliwa cha RITA. Mjane anatakiwa aonyeshe kwamba mwenye shamba na mume aliyemzika ni mtu yule yule. Kijana anaomba kitambulisho na anaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Sisi tunaoishi karibu na mpaka tunaulizwa maswali hayo kuliko watu wa Dodoma au Morogoro, maana majina yetu yanafanana na ya ndugu zetu wa Burundi.

Kwa familia nyingi, karatasi ya zamani kuliko zote ni mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo cha parokia. Wakati wa ukoloni sheria ya kuandikisha vizazi haikuwalazimisha Waafrika kama ilivyowalazimisha Wazungu na Wahindi, kwa hiyo babu zetu wengi hawamo kabisa katika vitabu vya Serikali. Wamo katika vitabu vya Kanisa. Yafaa basi tujifunze kuvisoma.

Wageni wa lugha nyingi

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe au White Fathers, walifika Ujiji Januari 1879. Waingereza wa London Missionary Society walikuwa wamewatangulia kwa miezi michache, mwaka 1878. Baadaye ukaja utawala wa Wajerumani. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wabelgiji wakauteka mji wa Kigoma na kukaa hadi 1921, ndipo Waingereza wakashika mpaka Uhuru wa mwaka 1961. Hesabu mwenyewe: mtu aliyezaliwa Ujiji mwaka 1905 na kufa mwaka 1965 aliandikwa na makarani wa Wajerumani, wa Wabelgiji, wa Waingereza na wa Serikali yetu, na huenda hakuhama nyumba yake hata siku moja.

Hata mapadri wenyewe hawakuwa wa nchi moja. Walikuwamo Wafaransa, Wajerumani, Wabelgiji, Waholanzi na wengineo. Vikarieti ya Kigoma ilipoanzishwa mwaka 1946 ilikabidhiwa kwa Askofu Jan van Sambeek, naye alikuwa Mholanzi. Angalia jina lake: kwao ni Jan, katika Kilatini ni Joannes, na Wakristo wa huku wangemwita Yohana. Hakuna aliyefikiri kwamba hao ni maaskofu watatu.

Kila padre alisikia jina la Kiha kwa sikio la kwao na kuliandika kwa mkono wa kwao. Kwa hiyo, mama, ukifunguliwa kitabu usikimbilie jina la babu. Kwanza tazama mwisho wa mstari, penye sahihi ya padre. Ukijua huyo alikuwa Mjerumani au Mfaransa, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Mjerumani anapotaka sauti yetu ya "sh" huandika sch. "Ch" huandika tsch. Na "j" yetu huandika dsch. Ndiyo sababu katika ramani zao Moshi ni Moschi, na Kilimanjaro ni Kilimandscharo. Herufi yao j husomwa kama "y" yetu. Herufi s mbele ya irabu huisoma kama "z", kwa hiyo Zanzibar kwao ni Sansibar, na Mwanza waliiandika Muansa. Mto Ruchugi, ule wa kule Uvinza kwenye chumvi, ukawa Rutschugi. Mfaransa naye ana yake. Sauti "u" huandika ou, "ch" huandika tch, "sh" huandika ch, na "ny" huandika gn. Mji wetu wa Ujiji Wajerumani waliuandika Udjidji, na Wafaransa Oudjidji. Mholanzi huandika oe akitaka "u", tj akitaka kitu cha kukaribia "ch" yetu, na j akitaka "y", kama Mjerumani.

Wengi wao walijitahidi kufuata irabu za Kiswahili, na baada ya mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kusanifisha maandishi, Kiswahili kikatulia. Kiha hakikupata kamati ya namna hiyo. Jina la Kiha liliendelea kumtegemea aliyeshika kalamu.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Karani aliyezoea Kiswahili cha pwani alipoandika majina ya Kiha alichanganya r na l. Hata mto unaopita karibu na Ujiji wengine huuandika Luiche na wengine Ruiche. Mwingine hakuisikia "h" iliyo katikati ya neno, akaandika Kidawe badala ya Kidahwe. Mwingine aliona "Nt" mwanzoni mwa jina ni vigumu, akaweka "Mt", na Ntare akawa Mtare.

Mapacha na anayewafuata

Tuyachukue majina ambayo kila mama wa huku anayajua. Wakizaliwa mapacha, wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Mtoto anayewafuata huitwa Chiza. Baganda nao humwita Kizza yule afuataye mapacha, kwa hiyo utaona jambo hili lina mizizi mirefu. Yapo pia majina ya hesabu: Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane.

Sasa tuyapitishe kwa makarani wetu. Butoyi kwa Mjerumani au Mholanzi ni Butoji. Kwa Mfaransa ni Boutoyi. Kwa karani mwenye haraka ni Butoi. Bukuru huwa Boukourou, au Bukulu kwa mtu wa "l". Nyandwi huwa Njandwi au Gnandwi. Chiza ndilo lenye safari ndefu kuliko yote: Tschisa kwa Mjerumani, Tchiza kwa Mfaransa, na Ciza kwa mtu aliyejifunza kuandika Burundi, maana huko herufi c peke yake ndiyo "ch".

Hapo penye Ciza tusimame kidogo. Karani wa leo akiiona hiyo C huenda akasema, "Huyu ametoka ng'ambo." Kumbe padre aliyembatiza babu ndiye aliyekuwa amefanya kazi ng'ambo kabla ya kuhamishiwa huku, na babu alizaliwa papa hapa. Herufi moja haimwambii mtu nchi ya mwenzake. Mpaka wenyewe uliwekwa na wakoloni, na majina ya mapacha yalikuwapo pande zote mbili. Anayesaidia ni mstari wote wa kitabu: kijiji, wazazi, msimamizi wa ubatizo, tarehe. Mama mwenye kijana anayeulizwa uraia na asiridhike kupeleka jina tupu. Aombe parokia imwandikie mstari wote.

Kuna hatari nyingine ya kinyume, nayo tumeona akina mama wengi hawaifikirii. Majina haya si ya ukoo kama ya Wazungu. Kila nyumba iliyojaliwa mapacha ilikuwa na Bukuru wake. Kwa desturi ya Waha mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na ni fomu za shule na za ofisi zilizodai "jina la ukoo", ndipo watu wakaandika jina la baba. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja akiitwa Minani na mwingine Nyandwi, watoto wao wameandikwa kana kwamba ni koo mbili. Na kinyume chake, watu wawili wenye jina Bukuru katika ukurasa mmoja huenda hawana undugu wowote. Mama anayetaka kuhakikisha kwamba binti yake hachumbiwi na ndugu wa damu asitegemee majina kufanana wala kutofautiana. Na atazame wazazi na mababu.

Kilatini kinapotuchezea

Vitabu vya Wakatoliki viliandikwa kwa Kilatini, na hapo pana mitego ya kuchekesha na ya kuhuzunisha. Ukiona nata, usidhani ni jina la msichana. Maana yake ni "alizaliwa". Filius ni mtoto wa kiume, filia ni wa kike. Patrinus na matrina ni wasimamizi. Ukiona mama ameandikwa pagana, usiende nyumbani ukasema bibi yetu aliitwa Pagana. Maana yake alikuwa hajabatizwa. Na ignota si jina pia. Maana yake mama hakujulikana, au padre hakuambiwa.

Tena majina ya Kilatini hugeuka mwisho. Baba ni Josephus. "Mwana wa Josephus" ni filius Josephi. Na wakiandika "kutokana na Josephus na Maria", litakuwa ex Josepho et Maria. Josephus, Josephi, Josepho, wote ni Yosefu mmoja. Halafu majina yenyewe ya watakatifu hubadilika kwa lugha. Carolus ni Karl wa Wajerumani, Charles wa Wafaransa na Karoli wetu. Jacobus ni Jacques, ni James, ni Yakobo. Ludovicus ni Ludwig, ni Louis, ni Ludoviko. Guilielmus ni Wilhelm na William. Adrian Atiman, yule mganga na katekista mashuhuri wa Karema aliyefariki mwaka 1956, utamkuta Adrien katika maandishi ya Kifaransa na Adrian katika ya Kiingereza. Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekuwa mtawala wa Heru kabla ya Uhuru, angeweza kuandikwa Theresia, Teresia au Teresa, na asingepungukiwa chochote.

Tarehe nazo. Mapadri wa zamani walifupisha miezi hivi: 7bris, 8bris, 9bris na Xbris. Mtu asiyejua husoma mwezi wa saba, wa nane, wa tisa na wa kumi. Sivyo. September kwa Kilatini ni "wa saba", kwa sababu Warumi wa kale walianza mwaka mwezi Machi. Kwa hiyo 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba na Xbris ni Desemba. Mtu aliyebatizwa 12 8bris 1931 alibatizwa Oktoba. Ukipeleka ofisini "Agosti", umeongeza kosa jingine juu ya yale yaliyokuwapo.

Wajerumani wenyewe wamepatwa na taabu hii hii kwao. Jina lao Meyer utalikuta Meier, Maier, Mayer na Mair, na mchungaji mmoja aliweza kumwandika mtu Schmidt siku ya kubatizwa na Schmitt siku ya kuzikwa. Jina lenye herufi ö waliliandika pia kwa oe. Mfano wake tunao bandarini kwetu. Meli yetu Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikashushwa ziwani Kigoma mwaka 1915 kwa jina la gavana wao wa zamani. Vitabu vingine huandika Graf von Götzen, vingine Graf von Goetzen. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ukiitafuta katika faharasa kwa tahajia moja tu, unaweza kudhani haimo kitabuni.

Wenzetu wa Moravian waliotoka upande wa Urambo, ambako misheni yao ya Kijerumani ilianza kazi mwaka 1898, wanaweza kukutana na mwandiko wa Kijerumani wa kale, ambao herufi e hufanana na n, na u huwekewa kialama juu isichanganywe na n. Mwandiko huo haufai kubahatisha. Mtafute mtu aliyejifunza.

Mjane na mistari miwili

Tuchukue mfano wa mama mjane wa Kidahwe. Majina ni ya mfano tu, lakini mambo ya namna hii hutokea. Cheti cha ndoa kinasema mumewe ni Yosefu Butoyi. Karatasi ya shamba inasema Joseph Butoi. Kadi ya ubatizo, iliyoandikwa na padre Mholanzi mwaka 1948, inasema Josephus Butoji. Shemeji mmoja anasema shamba ni la "Butoi mwingine", na ofisini wanamwambia alete uthibitisho. Watoto bado wanalima, lakini hawajui kama mwakani watalima.

Afanye nini? Kwanza asiguse vyeti kwa kalamu. Kurekebisha herufi kwa mkono, hata kwa nia njema, hukifanya cheti kuonekana cha kughushi, na baada ya hapo hata ukweli wake hautasadikiwa.

Pili, aende parokiani na cheti cha ndoa na kadi ya ubatizo. Atazame herufi LB na namba iliyo mbele yake. LB ni kifupi cha Kilatini cha "kitabu cha waliobatizwa", na LM ni kitabu cha ndoa. Mtu alipofunga ndoa, namba yake ya ubatizo iliandikwa katika kumbukumbu za ndoa. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa amri ya Kanisa ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, ndoa ya mtu huandikwa pia pembeni mwa mstari wake wa ubatizo. Kwa hiyo ubavuni mwa jina la Josephus Butoji, aliyebatizwa akiwa mchanga mwaka 1948, yapasa kuwe na maandishi madogo: alifunga ndoa na fulani, mahali fulani, siku fulani. Kama jina lililo pale ni la huyu mama, na tarehe ni ya cheti chake, basi Butoji na Butoyi wamekwisha kuwa mtu mmoja, bila mabishano.

Tatu, asome mstari wa juu na wa chini. Butoyi ni pacha wa pili. Kama mstari ulio juu yake ni wa Bukuru, tarehe ile ile, baba yule yule, mama yule yule, huo ni ushahidi mzuri sana, kwa kuwa jina lenyewe linaeleza kwa nini wapo wawili. Shemeji anayesema habari za "Butoi mwingine" na aulizwe pacha wa huyo mwingine ni nani.

Nne, aombe barua au nakala iliyothibitishwa na paroko kwa sahihi na mhuri, inayotaja mstari wote pamoja na maandishi ya pembeni. Kitabu hakitoki ofisini. Kwa barua hiyo ataweza kwenda kwa wakili au kwa hakimu kula kiapo kwamba majina hayo matatu ni ya mtu mmoja, na kiapo kiyataje yote matatu kwa tahajia zake zilivyo. Wako wanaokosea hapa. Huandika lile jina "sahihi" tu, na kiapo hakimsaidii mtu kuunganisha lolote. Kisha apeleke yote panapohusika na mirathi, pamoja na mashahidi wanaomjua marehemu tangu utoto.

Sisi twapendelea kipimo hiki: jina kufanana kwa sauti ni jambo moja, na halitoshi. Tutafute mengine mawili walau, kama vile wazazi na kijiji, au msimamizi na tarehe, au namba ya LB. Yakikubaliana matatu, tunaweza kusimama mbele ya mtu. Yakipingana, tukubali kwamba huenda ni watu wawili, hata kama tungependa awe mmoja.

Na wazee wangali hai. Ukimpata bibi ametulia, usimwulize, "Jina liliandikwaje?" Huenda hakusoma. Mwulize: "Shikamoo bibi. Marehemu babu alizaliwa wa ngapi? Alikuwa na pacha? Nani alimsimamia ubatizo? Padre gani alibatiza?" Mambo hayo watu huyakumbuka, na yote yamo kitabuni.

Limebaki suala la majina yetu sisi wanawake. Katika mistari mingi ya zamani mama wa mtoto ameandikwa kwa jina moja tu, au kwa maneno uxor ejus, yaani "mke wake", basi. Anayemtafuta bibi yake mzaa baba atadhani amefika mwisho wa njia. Zamani mwanamke wa Kiha hakuacha jina lake alipoolewa. Jina la mume juu ya mke lililetwa na fomu. Kwa hiyo usimtafute kwa jina la babu. Omba kitabu cha ndoa, cha mwaka mmoja au miwili kabla ya mtoto wa kwanza kubatizwa, usome upande wa bibi arusi. Pale ameandikwa kwa jina lake mwenyewe, na jina la baba yake, na kijiji alikotoka.